Ihsani huanza zizini, si kwenye kisu

Na Mwandishi Wetu

MIAKA kadhaa iliyopita, asubuhi ya Idd al-Adh-ha, familia saba za mtaa wetu zilikusanyika katika ua mmoja kuchinja ng'ombe tuliyemnunua kwa ubia. Alikuwa fahali mwekundu, aliyeletwa usiku kwa lori, peke yake, baada ya safari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ilichukua saa ngapi. Tulimkuta amefungwa kwenye mwembe kwa kamba fupi, macho yamemtoka, anatetemeka.

Watu kumi walimwendea kwa pamoja. Mmoja alishika pembe, mwingine alivuta mkia, vijana walipiga makelele na watoto wakashangilia. Fahali alikata kamba, akamkumba mjomba wangu na kumvunja mkono, akapasua ua wa makuti na kutokomea barabarani. Ilipita zaidi ya saa nzima kabla ya kumrudisha, povu likimtoka mdomoni na damu ikimchuruzika gotini. Aliangushwa na kuchinjwa hapo hapo. Nyama ilipogawanywa tuliiona nyeusi kuliko tulivyozoea, na sehemu kubwa ya paja moja ilikuwa imevilia damu, ikatupwa.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba fahali yule alikuwa mkali. Leo naamini kwamba alikuwa na hofu, na hofu ile tuliitia sisi kwa mikono yetu. Wala hapakuwa na mtu mwovu katika ua ule. Walikuwamo wazee wacha Mungu, dua ilisomwa, na kisu kilikuwa kimenolewa vizuri. Tulichokosa ni elimu ya kumwongoza mnyama kabla hajafika kwenye kisu.

Elimu hiyo ipo, inafundishika, na haihitaji fedha nyingi. Wataalamu wa mifugo huieleza kuwa ni ustadi wa kumwendesha mnyama bila kumtia hofu. Makala haya yanakusudia kuifikisha kwa mfugaji, kwa kijana anayechunga, kwa mfanyabiashara wa mnadani, na kwa kila familia inayotarajia kununua mnyama wa kuchinja.

Mnyama anaona nini?

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaowindwa. Maumbile yao yote yamewekwa kwa ajili ya kumtambua adui mapema na kumkimbia. Macho yao yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa sehemu ndogo iliyo nyuma yao moja kwa moja. Mtu anayemjia ng'ombe kwa kumfuata mkiani huwa haonekani, kisha anagusa ghafla. Teke linalofuata ni la kujihami, kwani mnyama hajui aliyemgusa ni nani.

Macho hayo yanayoona upana mkubwa hayapimi vizuri kina cha vitu vilivyo ardhini. Kivuli cha nguzo kinaweza kuonekana kama shimo. Mfereji mdogo, dimbwi linalomeremeta, mnyororo unaoning'inia, shati lililotundikwa kwenye uzio, au sakafu inayobadilika kutoka udongo kuwa saruji, vyote humsimamisha. Atainamisha kichwa achunguze kwanza. Mwenye haraka huuona usimamaji huo kuwa ni ukaidi, naye huinua fimbo. Lau angesubiri kidogo, au angeondoa lile shati, mnyama angepita mwenyewe.

Masikio yao nayo ni makali, hasa kwa sauti nyembamba na za juu. Kelele za watu, miluzi mikali na vyuma vinavyogongana huwashtua kuliko tunavyodhani. Aidha, hawa ni wanyama wa kundi. Ng'ombe aliyetengwa na wenzake huingiwa na hofu kubwa, na ng'ombe mmoja mwenye hofu katika eneo dogo ni hatari kwa kila aliye karibu naye.

Mnyama pia hukumbuka. Akipigwa mara ya kwanza anapoingizwa kwenye kibanio cha chanjo, mara ya pili atagoma mlangoni. Akishatishwa sana, huhitaji dakika 20 hadi 30 ili mapigo ya moyo wake yarudi katika hali ya kawaida. Kwa hiyo mchungaji aliyewavuruga ng'ombe wake kwa dakika mbili amejiongezea kazi ya nusu saa, ama awasubiri watulie, ama apambane nao wakiwa bado wamechanganyikiwa.

Aliyeinama ili aone

Miongoni mwa watu waliofanya mambo haya yajulikane duniani ni mwanamke wa Kimarekani, Temple Grandin, aliyezaliwa mjini Boston mwaka 1947. Alizaliwa na hali ya usonji na alichelewa kusema. Katika miaka ya 1970, akiwa mwanafunzi katika jimbo la Arizona, alikwenda kwenye mashamba ya ng'ombe na kufanya jambo ambalo wenye ng'ombe hawakulizoea. Aliingia mwenyewe ndani ya njia nyembamba za kupitishia ng'ombe, akainama hadi usawa wa macho yao, na kupiga picha za kile walichokiona.

Picha hizo zilionyesha vivuli, mwanga mkali uliopenya kwenye nyufa, minyororo inayocheza, na watu waliosimama mbele ya njia. Vitu ambavyo wafanyakazi walipita bila kuviona ndivyo vilivyowasimamisha ng'ombe siku nzima.

Baadaye alibuni njia zilizopinda mfano wa upinde, zenye kuta zilizozibwa kabisa. Sababu yake ni nyepesi: ng'ombe hupenda kurudi alikotoka, na njia iliyopinda humfanya ahisi kwamba ndiko anakorejea. Kuta zilizozibwa humwondolea yale yanayomshtua nje. Grandin alikuja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, na karibu nusu ya ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini hupitishwa katika mitambo aliyoibuni.

Hata hivyo, hakuishia kwenye mitambo, kwa kuwa vifaa vizuri mikononi mwa mtu asiyefunzwa havimsaidii mnyama. Aliweka vipimo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitumia machinjioni kwa kalamu na karatasi: kati ya wanyama 100, wangapi wameteleza na kuanguka, wangapi wamelia kwa maumivu au hofu, na wangapi wameguswa kwa fimbo ya umeme. Mwaka 1999 kampuni ya migahawa ya McDonald's ilianza kukagua machinjio yanayoiuzia nyama kwa vipimo vya namna hiyo, na wenye machinjio wakajikuta wanalazimika kurekebisha mambo waliyoyazoea kwa miaka mingi.

Kwetu Waislamu kuna jambo jingine la kuzingatia katika kazi yake. Grandin amefanya kazi pia katika machinjio ya Mayahudi na ya Waislamu, na alipinga kwa nguvu desturi ya kumning'iniza mnyama kwa mguu mmoja akiwa hai kabla ya kumchinja. Alihimiza mnyama ashikwe akiwa amesimama, kwa utulivu. Desturi aliyoipinga haikuwa sehemu ya ibada hata kidogo. Ilikuwa mazoea ya viwandani yaliyosogezwa karibu na ibada, na watu wakayazoea mpaka hawakuyaona tena.

Duara na bega

Sasa tuje kwenye ustadi wenyewe. Kila mnyama ana duara lisiloonekana linalomzunguka. Ukiwa nje ya duara, anakutazama tu. Ukikanyaga ukingo wake, anaondoka. Ukirudi nyuma hatua moja, anasimama. Kwa ng'ombe wa porini asiyezoea watu, duara hilo ni pana. Kwa ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani kila siku, ni dogo sana, na mbuzi aliyelelewa na watoto huenda hana kabisa. Ndiyo maana wa kwanza huswagwa na wa pili huongozwa kwa kutangulia mbele yake na chakula mkononi.

Mfugaji hodari hufanya kazi kwenye ukingo wa duara. Anayeingia ndani kwa pupa humfanya mnyama akimbie ovyo, au, akiwa amebanwa kwenye kona, ageuke na kumpitia juu. Ajali nyingi za zizini hutokea hivyo, si kwa sababu mnyama alitaka kuua, bali kwa sababu hakuachiwa njia nyingine.

Jambo la pili ni bega. Ukisimama nyuma ya bega la mnyama, huenda mbele. Ukisimama mbele ya bega, hurudi nyuma. Kwa hiyo, katika njia nyembamba ya kuelekea kwenye josho au kibanio, mtu anayetembea ubavuni mwa ng'ombe kutoka kichwani kuelekea mkiani atamwona akisonga mbele mara tu anapolipita bega lake, bila pigo hata moja. Wengi wetu hufanya kinyume. Mmoja husimama kichwani huku mwingine akichapa matakoni, na mnyama huwa kama gari ambalo dereva anakanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja.

Jambo la tatu ni kumwachia. Mnyama anapotii na kusogea, rudi nyuma kidogo. Nafasi hiyo unayompa ndiyo ujira wake, na kwayo hujifunza kwamba akisogea anapata raha. Anayeendelea kumchapa mnyama ambaye tayari anakwenda anamfundisha kwamba utii hauna faida.

Marekani na Kanada walikuwako walimu waliotumia umri wao kufundisha mambo haya kwa wafugaji wa kawaida. Aliyejulikana zaidi ni Bud Williams, aliyefariki mwaka 2012. Alionyesha kwamba mtu mmoja, kwa miguu na bila kelele, anaweza kulihamisha kundi kubwa kwa kutembea nyuma yake kushoto na kulia, taratibu, mpaka kundi lenyewe liamue kuondoka. Aliyewazoea wachungaji wa kwetu hatashangaa sana kusikia hayo.

Fimbo haikukatazwa katika mafunzo haya. Hutumika kurefusha mkono, ili mtu asimame mbali kidogo na kumwonyesha mnyama upande wa kwenda. Wengine hufunga kitambaa au mfuko wa plastiki kwenye ncha yake, na kuupunga kidogo tu kunatosha. Jambo jingine linalosisitizwa ni kutojaza zizi dogo la kusubiria. Likijaa nusu tu, wanyama hupata nafasi ya kugeuka na kuona mlango ulipo.

Mafunzo huanza moyoni

Je, mtu mzima aliyezoea kupiga anaweza kubadilika? Swali hili lilishughulikiwa kwa miaka mingi nchini Australia na mtafiti Paul Hemsworth na wenzake. Walichunguza mashamba ya nguruwe na ya ng'ombe wa maziwa, wakabaini kwamba pale wanyama walipowaogopa watu zaidi, mazao nayo yalipungua. Kisha walirudi nyuma hatua moja na kuuliza: kwa nini wafanyakazi wanawapiga? Walikuta kwamba vitendo vya mikono vinafuata imani iliyomo ndani ya nafsi. Anayeamini kwamba ng'ombe ni mjinga na haelewi ila fimbo, atatumia fimbo hata pale ambapo haihitajiki.

Kwa hiyo mafunzo yao hayakuwa ya mikono peke yake. Waliwaonyesha wafanyakazi jinsi ng'ombe anavyohofu, wakawaonyesha hasara ya hofu hiyo, na kuwasaidia kuvunja mazoea ya zamani. Matokeo ya mashamba ya maziwa yalichapishwa mwaka 2002. Wafanyakazi waliofunzwa walipunguza vipigo na misukosuko, ng'ombe wao waliwaacha watu wasogee karibu zaidi, na maziwa yakaongezeka.

Sababu ya maziwa kuongezeka inaeleweka. Ili ng'ombe ateremshe maziwa, mwili wake hutoa homoni iitwayo oksitosini. Hofu huleta homoni nyingine, adrenalini, ambayo huzuia kazi ya ile ya kwanza. Maziwa yamo kiweleni, lakini hayashuki. Kina mama waliowahi kunyonyesha wakiwa katika mashaka wanalijua jambo hili bila kusomeshwa. Basi mtoto anayetumwa kukamua, akaanza kwa kumpiga ng'ombe ili asimame, amepunguza maziwa ya nyumba yake kabla hajakaa chini.

Hasara inayofichwa na ngozi

Tanzania ina zaidi ya ng'ombe milioni 30. Wengi wanaochinjwa Dar es Salaam huanzia mbali, katika mikoa kama Shinyanga, Singida na Dodoma, na hupitia mnada wa Pugu. Katika safari hiyo mnyama hubadilisha mikono mara nyingi: mfugaji, dalali, mwenye lori, mfanyabiashara, mchinjaji. Kila mmoja ana haraka yake.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Jeraha la fimbo halionekani juu ya manyoya. Huonekana mnyama anapochunwa, nyama iliyovilia damu inapokatwa na kutupwa. Wakati huo aliyepiga ameshalipwa na kuondoka. Aliyesababisha hasara hailipi, na anayeilipa hakuwapo ilipotokea. Ngozi nayo yenye makovu ya mapigo hushuka thamani, na mtengeneza viatu hawezi kuyafuta.

Nyama nyeusi tuliyoishangaa siku ile ya Idd nayo ina maelezo. Katika misuli ya mnyama kuna akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Baada ya kuchinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi, na asidi hiyo huifanya nyama iwe na rangi nzuri na isiharibike haraka. Mnyama aliyehangaishwa kwa muda mrefu, akapigana, akakimbia, akasafiri bila chakula wala mapumziko, huwa ameitumia akiba yake yote akiwa hai. Nyama yake hubaki nyeusi, ngumu na kavu kwa kuitazama, na huoza upesi. Siwezi kusema kwa hakika kilichotokea ndani ya mwili wa fahali wetu, lakini dalili zote tuliziona.

Wazee walijua

Mtu asidhani kwamba haya yote ni mageni yaliyotoka ng'ambo. Wafugaji wa jadi wa nchi zetu huwaita ng'ombe wao kwa majina na kwa rangi zao, huwaimbia, huwapigia mbinja ya taratibu, na hutembea nao mwendo wa malisho. Mzee aliyekulia zizini hatakwambia habari ya duara wala bega, lakini mtazame anavyosimama. Miguu yake inajua.

Kilichobadilika ni mazingira. Leo ng'ombe huswagwa na kibarua ambaye hakukua nao, anayelipwa kwa kazi kumalizika, si kwa kazi kufanyika vizuri. Hupakiwa kwenye lori, kitu ambacho babu zetu hawakuwa nacho, na hupitishwa kwenye saruji, vyuma na taa za mjini. Elimu ya wazee ilitosha kwa malisho. Kwa mnada, lori na machinjio inahitaji nyongeza.

Sheria tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilitungwa na Bunge mwaka 2008, nayo inakataza ukatili dhidi ya wanyama. Lakini sheria bila mafunzo ni fimbo nyingine, safari hii juu ya mgongo wa mwanadamu. Kijana wa mnadani akiadhibiwa kwa kumnyonga ng'ombe mkia, bila kuonyeshwa njia nyingine ya kumpandisha kwenye lori, kesho atamnyonga mkia mahali ambapo haonekani.

Tunao maofisa mifugo na vyuo vya mafunzo ya mifugo, kama vile Tengeru, Mpwapwa na Buhuri. Siku ya josho au ya chanjo, kijiji kizima huwa kimekusanyika na wanyama wake. Saa mbili za siku hiyo zingetosha kuanzia. Saa ya kwanza wafugaji waingie ndani ya kibanio chao wenyewe, wainame, na wahesabu kila kitu kinachotisha. Saa ya pili wajaribu kutembea kutoka kichwani kuelekea mkiani, kimya, huku mmoja akihesabu wanyama walioteleza, waliolia na waliopigwa. Wakirudia hesabu hiyo siku nyingine ya josho, wataona wenyewe kama wamepiga hatua.

Marekebisho mengi hayana gharama kubwa. Kuta za kibanio huweza kuzibwa kwa mbao, mabati au magunia. Mchanga humwagwa kwenye sakafu inayoteleza. Tuta la kupakilia likipigiliwa vijiti vya kukanyagia, ng'ombe hupanda bila kuburutwa. Kupakia alfajiri kuna nafuu kuliko kupakia jua la saa nane. Na palipokuwa na watu wanane wanaopiga kelele, wabaki watatu wanaojua kazi yao.

Atakuwako anayeuliza: watu wenyewe wana dhiki, tuanze kuwahurumia ng'ombe? Jibu ni kwamba huruma hii haiondolewi kwenye fungu la binadamu. Mkono wa mjomba wangu haukuvunjwa na huruma. Anayeumia kwanza mnyama anapotiwa hofu ni kijana anayemshika, mara nyingi mtoto wa maskini, asiye na bima wala siku ya mapumziko.

Rifki katika mafundisho yetu

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mama wa Waumini, Bi Aisha (ra), aliwahi kupanda ngamia aliyekuwa mgumu kuongozwa, akawa anamvuta huku na huku. Mtume (saw) akamwelekeza awe mpole, na kumfundisha kwamba upole hukipamba kila kitu unapokuwamo. Tuitafakari vizuri habari hii. Yule alikuwa mnyama mkaidi, na aliyekuwa juu yake alikuwa mwanafunzi bora. Hata hivyo, kilichorekebishwa hakikuwa ngamia. Alirekebishwa aliyeshika hatamu.

Hadithi inayojulikana zaidi katika mlango huu ni ile iliyopokewa na Shaddad bin Aus (ra), kuhusu kufanya ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kukinoa kisu ili mnyama apumzishwe. Tumeishika sana sehemu ya kisu, nayo ni haki yake. Lakini imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar bin Al-Khattab (ra) alimkemea mtu aliyemburuta kondoo kwa mguu akimpeleka kuchinjwa, akimtaka amwongoze kwa wema. Mtu yule alikuwa bado hajafika kwenye kisu. Alikuwa njiani tu, na njiani pia pana hesabu.

Nyumbani, wiki ya Idd

Kwa familia zinazotarajia kuchinja, yafuatayo yanawezekana katika ua wowote.

Mnyama aletwe mapema, siku mbili au tatu kabla, apate kuzoea mahali na watu. Akiwezekana awe na mwenzake, au afungwe mahali anapoona mbuzi wa jirani. Apewe maji, kivuli, na kamba ndefu kiasi cha kulala na kugeuka.

Mtu mmoja akabidhiwe kumlisha, na huyo huyo ndiye amwongoze siku ya kuchinja. Watoto wafundishwe kumjia kwa ubavuni, si kwa nyuma, kwa sauti ya chini na bila kukimbia. Hili lina faida kubwa kwa watoto wenyewe, kwani mtoto aliyejifunza kutomtisha mbuzi ameanza kujifunza namna ya kuishi na aliye dhaifu kuliko yeye.

Mbuzi au kondoo asivutwe kwa sikio, pembe, manyoya wala mguu. Mkono mmoja uwe chini ya taya, mwingine nyuma ya mapaja, naye atatembea. Njia ya kwenda mahali pa kuchinjia ifagiliwe, nguo zilizoanikwa ziondolewe, na damu ya mnyama aliyetangulia ifukiwe. Kisu kisinolewe mbele yake, wala asichinjwe mbele ya mwenzake. Wanaohitajika wabaki, wengine wakae mbali wakisubiri.

Na tunaponunua, tuulize. Ametoka wapi? Amesafiri muda gani? Amekunywa maji? Muuzaji anayeulizwa maswali hayo na wateja wengi ataanza kuwauliza wenye malori, na mwenye lori atamwuliza dalali. Tumeona kwamba hasara ya fimbo huwakimbia walioisababisha. Swali la mnunuzi ni njia mojawapo ya kuirudisha ilikotoka.

Mjomba wangu mkono wake uliunga ukiwa umepinda kidogo, na bado huutumia kunyooshea watu kidole. Mwaka uliofuata alitaka ng'ombe afike Jumatano kwa sikukuu ya Jumamosi, akamkabidhi mwanawe wa pili kumlisha, na asubuhi ya Idd akawaamuru vijana wote wabaki nje ya ua. Yule kijana alifungua kamba, akatangulia mbele na majani mkononi, na ng'ombe akamfuata mpaka chini ya mwembe ule ule. Ilikuwa kimya kiasi kwamba sote tuliisikia bismillahi.

Wabillahi tawfiq.